Salamu Zilizomfukuza Delphine

Weston, Toronto,
Kanada.
Jumamosi, 14 Februari 1998

Mpendwa Shangazi Nyota,

Shikamoo, Shangazi. Pokea na shikamoo ya pili, hiyo ni ya Josué. Ametoka kazini sasa hivi, yuko pale mlangoni anahangaika kuvua mabuti, na ameniambia nisithubutu kumsahau. Hali yako ikoje? Ile presha imetulia? Baba Évariste hajambo na kifua chake? Na Ariane, amejifungua salama? Niambieni jina la mtoto mapema, msiniache nilisikie kwa watu wa kanisani ambao hata hawamjui Ariane.

Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Josué bado yuko kwenye lile ghala la Rexdale karibu na uwanja wa ndege, anabeba maboksi ya watu mchana kutwa na jioni ananiletea mgongo nimkande. Willy ameota vinywele kidevuni na anavinyoa kila siku kama mzee mzima. Ella anaelewa Kiswahili chote, hasa cha kusengenya, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Mimi namjibu kwa Kiswahili, na hivyo ndivyo tunavyogombana humu ndani. Baridi ni ile ile ya kukata masikio.

Nimeandika wazima, na ni kweli hatuumwi. Ila mimi situlii, Shangazi. Nakaa, nasimama. Jana nimetia chumvi kwenye chai ya Josué, naye akainywa yote kwa kuniogopa. Kuna mwanamke ameondoka kwenye nyumba ninayofanyia kazi kwa sababu ya mdomo wangu, katika baridi hii, na mpaka leo sijui analala wapi. Mwisho wa mwezi chumba chake atapewa mtu mwingine. Ndiyo habari yenyewe, na nakuandikia wewe kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kile kilichomfukuza.

Ngoja nianze nyuma kidogo usije ukachanganyikiwa. Ile kazi ya kuogesha wazee niliiacha mwaka jana. Sasa nafanya kazi mjini kati, kwenye nyumba ya matofali mekundu ya ghorofa tatu. Asubuhi napanda basi hapa Weston mpaka steshenini, halafu treni ya chini ya ardhi. Napika, nasafisha, na nakaa na watu. Verna, mkuu wa nyumba, aliniambia siku aliyoniajiri kwamba kukaa na watu ndiyo kazi kubwa, mengine ni ya kujazia. Nilicheka moyoni. Nikasema kumbe ipo nchi mtu analipwa mshahara kwa kukaa na watu, na mimi nimechelewa kuijua.

Wakazi wa nyumba hiyo ni wenyeji wa asili wa nchi hii. Shuleni kwetu tuliwaita Wahindi Wekundu. Usiwaite hivyo, hawapendi, na Uhindi hawaujui. Kila watu wana jina lao. Verna ni Mwojibwe, wengine ni Wakrii, wengine Wamohawk, kama vile wewe hupendi mtu akuchanganye na watu wa ng'ambo ya pili ya ziwa. Hii ardhi yote, pamoja na maghorofa yake, ilikuwa yao. Leo ukipita mjini wakati wa baridi ukamwona mtu amejikunja kwenye mlango wa duka lililofungwa, mara nyingi ni mmoja wao. Nilipofika Kanada sikuliona hilo. Niliona theluji tu.

Utauliza kama hakuna mahali pa kulala watu kama hao. Papo, huku tunapaita shelta. Ni kumbi kubwa zenye vitanda vimepangwa mistari, unaingia jioni, unatoka asubuhi na mfuko wako. Lakini wengi wa wakazi wa nyumba yetu walipokuwa wadogo serikali iliwachukua kwa wazazi wao ikawapeleka shule za bweni za makanisa, na huko walichapwa kwa kusema lugha za mama zao. Mtu wa namna hiyo ukimwingiza tena kwenye ukumbi wa vitanda vya mistari, pakagongwa kengele ya chakula na mtu akasimama kumwombea kabla ya supu, anaona heri barabara. Mimi Mkatoliki, Shangazi, niliposimuliwa hayo niliona aibu na sikujua niiweke wapi.

Ndiyo maana Verna na wenzake wakatafuta nyumba yao. Kila mtu ana chumba chake na mlango anaoufunga mwenyewe kwa ndani. Asubuhi anayetaka anachoma majani makavu yanayonukia, anauvuta moshi kwa viganja na kujipitishia kichwani na kifuani, na hakuna anayekuja mbio na ndoo ya maji. Ndugu akishuka kutoka kaskazini anakaribishwa mezani. Kuna mzee wa kwao anayekuja kuzungumza na wenye shida, na kuna muuguzi, na kuna mimi jikoni. Wamenifundisha kupika mchele mweusi unaoota wenyewe kwenye maji ya ziwa huko kwao. Mikate yao ya kukaanga niliichukulia kama maandazi, nikaikaanga hivyo hivyo, wakala wakanyamaza. Nilidhani imewashinda. Verna akaniambia wakila kimya ujue wamependa.

Sasa Delphine. Aliingia kabla ya Krismasi. Ni mwanamke wa umri wangu, mwembamba, nywele ndefu zenye mvi za mapema, na koti la kiume ambalo havui hata ndani ya nyumba. Alikuwa akilala barabarani, juu ya vile vyuma vinavyotoa mvuke wa moto kutoka chini. Verna alimfahamu muda mrefu kabla hajakubali kuja. Alipewa chumba cha ghorofa ya pili, chenye dirisha la kuangalia uchochoroni. Mezani alikaa pembeni, macho kwenye kikombe.

Unanijua. Nilipokaa kwako Mwanga ulinirudisha kutoka njiani, jua kali, mpaka kwa jirani yako Mama Noordin, eti nilimwuliza hali yake tu nikasahau kumwuliza ya watoto na ya mama yake mgonjwa. Nilirudi nikauliza yote, mpaka ya mbuzi. Tangu siku hiyo salamu zangu hazina upungufu. Hapa Toronto watu wanasema habari kwa neno moja na kupita, hata jibu hawalisubiri, nami nimeapa sitakuwa hivyo. Basi kila asubuhi pale jikoni nilimsalimu kila mmoja kama watu. Umelalaje? Umeamka salama? Mwili hauumi? Watu wa nyumbani hawajambo? Mama? Watoto? Wengi walinicheka, wakanizoea, wakawa wananitania kwa kuniuliza na wao habari za mbuzi wangu.

Delphine alijibu "vizuri" kwa sauti ndogo. Kila swali, vizuri. Mimi nikamwona mwoga, na mwoga kwetu anaongezewa salamu mpaka afunguke. Nikamwongezea. Asubuhi moja mwezi uliopita nikamwekea chai yake mbele ya watu wote, nikamwuliza mama yake anakaa wapi siku hizi. Je, amepata habari kwamba binti yake ana nyumba? Na watoto wake je, wako wangapi? Nikamwambia awaite waje Jumapili, nitawapikia wote, mimi nina mkono mkubwa.

Siku hiyo hakunijibu "vizuri". Aliweka kikombe taratibu, akapanda ngazi. Nikadhani amekwenda kuleta picha zao anionyeshe. Ndivyo nilivyodhani, Shangazi, nikapangusa na mikono kabisa nisizichafue. Akashuka na mfuko wake, akapita nyuma yangu, akatoka. Mezani hakuna aliyenyanyua kichwa.

Verna aliniita ofisini kwake. Nilijua nimefukuzwa kazi, nikawa nimeshavua aproni. Hakunifukuza. Aliniambia kwamba Delphine alichukuliwa kwa mama yake akiwa mdogo kabisa. Gari la serikali lilikuja kijijini, akapewa watu asiowajua katika mkoa mwingine, na mama hakumwona tena. Hajui kama mama yuko hai au amekufa, wala alikozikwa. Alipokua akazaa, na wale watoto wake nao wakachukuliwa, wote. Nikauliza sasa mbona hamkuniambia. Verna akasema, "Hatukukuambia kwa sababu hapa hakuna anayehitaji kuambiwa. Karibu kila mtu pale mezani ana habari kama hiyo. Sisi hatumwulizi mtu. Tunangoja aseme."

Nilikwenda chooni nikalia. Kila asubuhi, Shangazi. Kila asubuhi nilikuwa namwekea mtu chai na kumchoma kidole kwenye kidonda, huku natabasamu, huku najiona mwenye adabu kuliko mji mzima.

Tangu hapo ndipo nilipoanza kuzunguka. Nikitoka kazini siendi steshenini, napita kwanza barabarani. Nimekwenda kwenye vile vyuma vya mvuke, nimekuta wanaume wawili na mbwa. Nimezunguka makanisa yanayogawa supu. Nimesimama nje ya shelta nikiwatazama wanawake wanaoingia mpaka wakanidhania polisi. Nikimwuliza mtu kama amemwona Delphine, ananitazama, anatazama pembeni, basi. Nikirudi nyumbani chakula kimepoa na Josué amenuna. Aliniambia juzi kwamba hata yule mchungaji aliyemtafuta kondoo mmoja alimtafuta wake, hakukesha na kondoo wa watu. Nikamwambia akitaka kunihubiria avae kola.

Nikamwambia Verna watu hawanijibu. Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akasema unawarukia kama mpelelezi. Ukitaka kumwomba mtu wetu jambo zito, hasa mzee, unamwendea na tumbaku kidogo. Unaiweka mbele yake, unasema haja yako mara moja, unanyamaza. Akiichukua, amekubali. Akanielekeza kwa Mzee Elijah, Mkrii wa chumba cha chini, anayejua kila pembe ya mji huu kwa sababu amewahi kulala katika nyingi.

Basi nikanunua tumbaku. Na hapo, Shangazi, nusura ndoa ivunjike. Josué alikuwa anatafuta tiketi ya basi kwenye mkoba wangu akakutana na kipakiti. Unajua walokole wa kwao. Alikaa kitandani ameshika kile kipakiti kama ameshika nyoka, akaniuliza nimeanza lini. Nikamwambia si ya kuvuta. Akauliza kama si ya kuvuta ni ya mganga gani. Nilipomweleza kwamba ni adabu tu, kama vile sisi hatuendi kuposa mikono mitupu, akatulia kidogo, lakini usiku ule aliomba kwa sauti na jina langu lilitajwa sana. Watoto chumbani kwao wakawa wanacheka kwa Kiingereza.

Mzee Elijah aliichukua ile tumbaku. Alikaa nayo mkononi muda mrefu, halafu akaitia mfukoni, akasema atafikiri. Hilo ndilo jibu nililo nalo mpaka leo. Atafikiri! Na nje pale dirishani barafu imening'inia kama meno. Nimemaliza karatasi, na Ella anataka meza afanye kazi za shule. Naiacha barua hapa, sitaituma hivi ilivyo.

Jumapili, 1 Machi

Shangazi, nimerudi. Tumetoka misa, nimewapa watu chakula, sasa nimejifungia jikoni nikumalizie.

Wiki ile baada ya kuandika, Mzee Elijah alinikuta nasugua sufuria akaniambia nivae koti. Hakusema twende wapi. Ni mtu mfupi, anatembea polepole kwa sababu ya nyonga, na mimi miguu yangu unaijua, nikawa natangulia halafu narudi, natangulia halafu narudi. Tulifika kwenye kanisa moja la zamani, tukashuka ngazi za pembeni mpaka ukumbi wa chini, ambako mchana watu wa barabarani wanakunywa supu na kupata joto. Kabla hatujaingia akanishika mkono wa koti. Akasema yumo ndani. Akasema nikae, ninywe chai, nisimsalimu, nisimkodolee macho.

Nisimsalimu! Kwetu ukikaa karibu na mtu unayemjua bila kumsemesha, watu wataanza kuuliza mlikosana lini. Lakini nikafanya. Delphine alikuwa meza ya ukutani, koti lile lile, midomo imepasuka kwa baridi. Tukakaa meza ya jirani. Mzee Elijah akanywa chai yake kama mtu aliye likizo. Mimi nilihisi maneno yananitekenya kooni. Nilikoroga kikombe kisicho na sukari. Mguu ulikuwa unagonga sakafu wenyewe, nikaushika kwa mkono. Hatukusema kitu, tukaondoka, na nje nikamwuliza sasa tumefanya nini. Akasema tumekaa.

Tukaenda tena, tukakaa tena. Safari hiyo Delphine alinitazama mara moja, nikatazama supu. Nilijua anafikiri nimekuja kuendelea na maswali. Kila nikirudi nyumbani nilikuwa nimechoka kuliko siku niliyoogesha wazee kumi, na Josué alipouliza umempata nikasema nimempata, akauliza amesemaje, nikasema hatujasemeshana. Alitikisa kichwa akaenda kulala.

Mwezi ulikuwa unakwisha. Wenye fedha za vyumba ni serikali ya mji, na masharti yao hayana pa kupenya: chumba hakiwezi kukaa kitupu, Jumatatu ya kwanza ya Machi lazima kiwe na mtu. Alikuwepo mama mwingine anangoja, na yeye analala shelta, huwezi kumchukia. Nilimsihi Verna aongee nao. Alikuwa ameshaongea nao. Alikuwa na macho mekundu, nikaacha.

Mara ya mwisho tulipokaa ukumbini Mzee Elijah alifungua mdomo. Alisema kwa Kiingereza, huku anatazama chai yake, kwamba theluji ya mwaka huu ni nzito. Delphine akaitikia. Mzee akasema samaki aliopika huyu mama juzi walikuwa wazuri. Halafu, kwa sauti ile ile, akasema kile chumba cha juu kipo mpaka Ijumaa. Basi, akasimama, akatafuta kofia yake. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuinuka nimwendee Delphine nimshike mikono, nipige magoti kama ni magoti, nimwombe msamaha. Mzee akanivuta koti kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

Njiani nilimgombeza, Mungu anisamehe, mzee wa watu. Nilimwambia kwetu mtu akiudhika anafuatwa, anabembelezwa, ikibidi anabebwa mpaka nyumbani. Nikamwambia huu ustaarabu wa kutazama chai utamwua mtu. Alisimama kwenye ile baridi, akangoja nimalize yote. Kisha akasema, "Huyo amebebwa tangu ana miaka minne. Mwache aje kwa miguu yake." Tulikwenda mpaka nyumbani mimi nikiwa nyuma yake.

Ijumaa asubuhi Verna aliniambia nikasafishe kile chumba. Nilipanda na ndoo. Hapakuwa na cha kusafisha, alikiacha safi, kitanda kimetandikwa kwa kukazwa kama cha hospitali. Kwenye dirisha aliacha tawi dogo la mwerezi limekauka. Sikujua kama nilitupe au nilitunze, nikawa nafuta vumbi kulizunguka. Nilikaa juu ya ndoo nikamwambia Mungu kwamba kama ni adhabu yangu anipe mimi, mbona anampa yeye. Halafu nikashuka kuosha vyombo, kwa sababu kazi haijui kama mtu analia.

Jikoni palikuwa na Delphine.

Alikuwa amekaa mahali pake pa pembeni, theluji inayeyuka mabegani, mfuko miguuni. Verna alisimama kwenye mlango wa pili, akanitazama, akatoka. Shangazi, salamu zote ulizonifundisha zilinijaa mdomoni kwa pamoja. Nikauma ulimi. Nikamwekea chai, sukari pembeni, mkate. Nikamgeuzia mgongo nikaanza kuosha sufuria iliyokuwa safi. Niliiosha, nikaisuuza, nikaiosha tena.

Akasema, "Ulikuwa unaniuliza kila siku nimelalaje."

Nikasema, bila kugeuka, kwamba sitauliza tena, na kwamba anisamehe.

Akamega mkate. Halafu akasema, "Hilo la kulala niulize."

Nikageuka. Nikamwuliza, "Umelalaje, Delphine?"

"Vibaya," akasema.

Shangazi, katika maisha yangu sijawahi kujibiwa hivyo. Tunaulizana umelalaje, na hata mtu aliyekesha na maiti ndani anajibu salama. Mwaka juzi vita vilipoingia kwetu Uvira, alikobaki Mama, kila Jumapili hapa kanisani tulikuwa tunaulizana habari za nyumbani, na tunajibiana nzuri, nzuri tu, huku kila mmoja anajua mwenzake simu haipiti na hajui nani amekimbia na nani amebaki. Neno hilo moja la Delphine sikuwa na la kuliitikia. Nikafuta mikono, nikavuta kiti, nikakaa.

Akaniambia kwa nini amelala vibaya. Alizungumza mpaka chai ikapoa, nikamwekea nyingine, akaendelea. Aliyoyasema ni yake, sitakuandikia. Nilimwuliza swali moja tu, kama anataka sukari.

Yule mama aliyekuwa anangoja chumba naye amepata mahali, Verna amembanabana mtu wa nyumba nyingine mpaka akakubali. Usinione nimetulia. Delphine bado anavaa koti ndani, na mfuko wake hajaufungua, uko chini ya kitanda. Jumatatu nikifungua mlango wa nyuma nitasikiliza kwanza kama kuna hatua za mtu juu. Jana, siku yangu ya mapumziko, nimepiga simu kazini kwa kisingizio cha kuuliza kama friji imefungwa. Verna akaniambia friji imefungwa na Delphine yupo, anakula. Kesho sijui.

Mwambie Baba Évariste shikamoo, na asiache dawa ya kifua kwa sababu amejisikia nafuu. Msalimie Évariste, na mwambie picha ya harusi tunaingoja. Ariane mpe pole na hongera, mtoto umbusu kwa niaba yangu. Mama Noordin, kama bado yuko pale jirani, mwambie yule msichana aliyerudishwa njiani anamkumbuka. Josué, Willy na Ella wanawasalimu wote, Ella amesema hivyo kwa Kiswahili, nimemlazimisha. Mungu awafunike nyote, awape mvua ya kiasi na usingizi.

Na ukinijibu, Shangazi, usinianzie na sisi wazima kwa ajili ya adabu. Tangu vita nimekuwa nakuandikia kukuuliza habari za Mama, nawe unanijibu nzuri. Nakuuliza tena, nami nimekaa, sina haraka, nimevuta kiti. Niandikie ilivyo.

Akupendaye popote alipo,
binti yako,
Vumilia